Dang, Dut na Hela za Kutunza: Tuzielewe Video za Waindonesia

Mtoto kavaa nguo nyeusi, kilemba kichwani, miwani ya jua machoni. Kasimama kwenye omo ya mtumbwi mrefu kupita kiasi, nyuma yake wanaume wanapiga makafi kwa pamoja, maji yanaruka. Yeye wala habari hana. Mikono inazunguka taratibu, inasukuma hewa, inapunga, na miguu imeganda palepale. Video hiyo ilivuma Julai 2025, na haukupita muda wachezaji wa PSG wakawa wanaiga, Travis Kelce wa mpira wa Kimarekani naye anaiga, na mpwa wangu anaiga sebuleni juu ya ndoo ya maji.

Kwenye kundi letu la WhatsApp ukazuka ubishi. Mmoja alisema hao ni Wathai. Mwingine akaapa ni Wafilipino. Wa tatu, ambaye siku hizi haamini hata picha ya harusi yake, akasema ni akili mnemba tu. Wakati tunabishana, mtu akarusha video nyingine: lori limebebeshwa ukuta wa spika mrefu kuliko nyumba za jirani, vumbi linatikisika. Kisha ikaja ya bibi aliyekaa ndani ya tope usiku, anajimwagia maji mubashara. Kisha kipande cha tamthilia ambamo maiti inaangukiwa na kimondo. Hitimisho la kundi likawa moja: "Hawa watu wana mambo."

Wana mambo, kweli, lakini si ya ajabu kama yanavyoonekana. Tatizo ni kwamba simu inatuletea kipande cha sekunde kumi na tano bila mwanzo wala mwisho wake. Na kwa bahati, ufunguo wa mengi kati ya hayo tunao sisi wenyewe, kwa sababu kila aliyewahi kukaa kwenye shughuli ya taarabu anajua kutunza ni nini. Nitafika huko.

Kwanza ramani. Indonesia ni visiwa zaidi ya 17,000, watu wapatao milioni 280, lugha zaidi ya 700. Zaidi ya nusu ya watu hao wamejazana kwenye kisiwa cha Java, ambacho ukikitandaza juu ya Tanzania kinaingia mara saba na nafasi inabaki. Mtoto wa mtumbwini ni wa jimbo la Riau, kisiwa cha Sumatra. Lori la spika ni la Java Mashariki. Bibi wa tope ni wa kisiwa cha Lombok, upande mwingine kabisa. Kuwachanganya hao watatu na kusema "ndivyo walivyo" ni sawa na mtu kuona mdundiko wa Wazaramo, kisha akaona Wamasai wanaruka, akaenda kuandika kwao kwamba hiyo ndiyo ngoma ya Watanzania.

Sasa tummalize yule mtoto. Mashindano yale yanaitwa Pacu Jalur. Pacu ni mbio, jalur ni mtumbwi wenyewe: gogo moja la mti lililochongwa, urefu wa mita 25 hadi 40, wapiga makafi 40 hadi 60. Hufanyika kila mwaka kwenye mto Kuantan, wilaya ya Kuantan Singingi. Enzi za Waholanzi mbio hizo zilikuwa za kuadhimisha siku ya kuzaliwa Malkia Wilhelmina, tarehe 31 Agosti. Wakoloni walipoondoka, wenyeji hawakuacha mbio, walibadilisha tu mwenye sherehe. Siku hizi zinakwenda pamoja na shamrashamra za uhuru, tarehe 17 Agosti.

Ndani ya mtumbwi kila mtu ana kazi yake na kazi ina jina. Yuko wa kutoa amri, yuko wa usukani, yuko wa kule tezi ambaye hutikisa chombo ili kiende na mdundo. Omoni anakaa mtoto, kwa sababu ya kawaida kabisa: ni mwepesi. Ukimweka mtu mzima pale, pua ya mtumbwi inazama. Na huyo mtoto hachezi wakati wowote anaojisikia. Anacheza mtumbwi wake unapokuwa mbele. Kwa watu waliojazana ukingoni, ambao kwa mbali wanaona magogo mawili tu na povu, yeye ndiye ubao wa matokeo. Anacheza: tunaongoza. Ameketi: mambo magumu.

Kwa hiyo waliosema anatafuta kiki walikosea. Vijana wa mitandaoni walikuwa na jina lao kwa alichokifanya, "kulima aura", yaani kujizolea mvuto bila kuonyesha kwamba unahangaika. Mtoto hakuwa analima chochote. Alikuwa kazini. Serikali ya Riau ikamfanya balozi wa utalii, na kwa hilo sina ugomvi nayo.

Tuje kwenye muziki, maana ndiyo mzizi wa yote yaliyobaki.

Muziki wa Waindonesia wa kawaida, wa sokoni, wa kwenye basi, wa harusini, unaitwa dangdut. Jina limetokana na ngoma. Ukisikiliza kwa makini utaisikia ngoma ikisema yenyewe: pigo la mwisho la kipimo ni "dang", kavu, halafu pigo la kwanza la kipimo kinachofuata ni "dut", nene, linalovutwa kama mtu anayemeza mate, kwa sababu mpigaji anakandamiza ngozi ya ngoma kwa kiganja mara tu baada ya kuipiga. Dang, dut. Hapo ndipo nyonga inapokwenda. Na jina lenyewe lilianza kama dhihaka. Miaka ya mwanzo ya 1970 vijana wa mjini waliojiona wa roki walikuwa wanaucheka muziki huu wa makapuku kwa kuiga mlio wa ngoma yake. Wenye muziki wakalichukua tusi wakalivaa.

Ulitoka wapi? Hapa msikilizaji wa taarabu akae vizuri. Kabla ya dangdut kulikuwa na bendi zilizoitwa orkes Melayu, zilizokuwa zikichanganya uimbaji wa Kimalayu na nyimbo za filamu za Kihindi na okestra za Kimisri. Ni mchanganyiko uleule uliopikwa Unguja na Mombasa. Juma Bhalo aliwaliza watu Mombasa kwa mahadhi ya Kihindi, na upande wa pili wa bahari ileile kuna watu walikuwa wanafanya hivyohivyo bila kujuana naye. Wapo pia Waarabu wa Hadhramaut, wale tunaowaita Washihiri, ambao walihamia pwani yetu na walihamia Java, wakabeba ala yao ya nyuzi kote kote. Kule inaitwa gambus, na kuna mtindo mzima wa muziki wenye jina hilo. Kwetu ni gambusi au kibangala, na Wangazija wanasema gabusi. Sisemi dangdut ni taarabu. Nasema ni mtoto wa mama mdogo.

Aliyeutoa muziki huu uchochoroni ni Rhoma Irama na bendi yake ya Soneta. Aliingiza gitaa za umeme na makeke ya roki, kisha akaimba mawaidha: msicheze kamari, msidhulumu, mcheni Mungu. Mashabiki wakamwita mfalme, na malkia akawa Elvy Sukaesih. Kwa hiyo ukisikia mtu anashangaa, "nchi ya Waislamu zaidi ya milioni 200, mbona wanakata viuno hivyo?", mjibu kwamba ubishi huo wanao wenyewe kwa wenyewe miaka yote, na mara nyingi pande zote mbili ni Waislamu.

Ubishi ulifika kileleni mwaka 2003 kwa sababu ya mwanamke mmoja kutoka Pasuruan, Java Mashariki. Inul Daratista alikuwa anaimba kwenye harusi na majukwaa ya vijijini, na alikuwa na mtindo wake wa kuzungusha nyonga huku akishuka chini, walioupa jina la goyang ngebor, yaani uchezaji wa kekee, ile ya kutobolea mbao. Hakuwa na albamu. Hakuwa anaonekana kwenye televisheni. Watu walikuwa wanampiga video kwenye maonyesho, wanazirudufu kwenye VCD na kuziuza masokoni bila kumpa hata senti, na nchi nzima ikamjua kabla kampuni yoyote haijamrekodi. Rhoma Irama akamkemea hadharani, baadhi ya masheikh wakakemea, televisheni zikagombania kumwalika.

Soma tena aya hiyo ukiondoa neno VCD. Ni hadithi ileile ya leo, ila YouTube ilikuwa bado haijazaliwa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua vizuri dunia hiyo ya diski ya mia tano isiyo na jalada. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema simu ndiyo imewaharibu Waindonesia. Simu iliikuta biashara iko sokoni, ikaihamishia mfukoni.

Mtindo aliotokea Inul unaitwa koplo. Ni dangdut iliyotiwa kasi na ngoma yenye fujo zaidi, iliyokulia Java Mashariki miaka ya 1990. Jina limetokana na vidonge vya kulevya vya bei rahisi vilivyoitwa hivyo mitaani, maana ukisikiliza kichwa kinayumba. Bendi zake bado zinaandika herufi OM mbele ya jina, kifupi cha orkes Melayu, ingawa hakuna Mmalayu wala okestra: kinanda, gitaa, ngoma, suling ambayo ni filimbi ya mwanzi, na waimbaji wanaopokezana. Wanaishi kwa harusi na tohara. Kila onyesho lina wapiga video, na kesho yake liko YouTube zima, saa mbili au tatu, na mwenye harusi anaonekana anapita na sahani. Via Vallen aliinukia kwenye video za namna hiyo, na mwaka 2018 ndiye aliyeimba wimbo wa Michezo ya Asia mjini Jakarta.

Na kwenye kila onyesho kuna saweran. Mtu anainuka, anapanda jukwaani na noti mkononi, anacheza mbele ya mwimbaji na kumpa moja moja. Moja moja, si bunda. Mwimbaji anataja jina lake katikati ya wimbo, MC anaongeza chumvi. Neno sawer ni la zamani, la desturi ya Wasunda wa Java Magharibi ya kuwarushia maharusi mchele na sarafu. Kwetu ni kutunza, na hakuna la kufafanua zaidi. Mama anayekwenda mbele na noti ya elfu kumi mpya hamlipi mwimbaji tu. Wimbo ule una fumbo la mtu fulani aliyekaa meza ya tatu, na noti ile ndiyo inayomwambia. Anayetunza naye anacheza onyesho lake.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye simu. Kwenye TikTok mtazamaji ananunua sarafu za kidijitali, anazigeuza zawadi, waridi au simba, na kumrushia anayeonekana mubashara. Jina la mtoaji linapita kwenye kioo watu wote walione. Mpokeaji anabadilisha zawadi kuwa pesa, mtandao ukishakata sehemu yake, na si ndogo. Sehemu nyingine mambo haya yalikuwa mageni, yalihitaji kufundishwa. Waindonesia hawakuhitaji somo. Walikuwa na neno tayari, na mtandao mmoja wa kwao wa kuwachangia wanaojirusha mubashara ukajiita Saweria.

Yule bibi wa tope anatokea hapa. Mwanzoni mwa 2023 zilivuma video za wazee, wengi wakiwa wanawake, kutoka Lombok, waliokaa kwenye dimbwi kwa saa kadhaa huku wakijimwagia maji, na kila zawadi ikiingia wanashukuru na kujimwagia tena. Waindonesia wenyewe waliita omba-omba wa mtandaoni. Januari mwaka huo Waziri wa Masuala ya Jamii, Tri Rismaharini, akatoa waraka wa kuzuia kuwatumia wazee na wengine wasiojiweza kuomba, iwe barabarani au mtandaoni. Baadhi ya wazee walisema wako pale kwa hiari, hela inasaidia.

Nimelifikiria sana hili, na tofauti naiona hapa. Ukumbini mwimbaji akichoka anakaa, mpiga kinanda anamwonea huruma, shangazi mmoja anasema jamani mwacheni apumzike. Mtunzaji anayevuka mpaka anashikwa mkono. Kwenye live hakuna shangazi. Yupo mtu wa mbali mwenye sarafu, na mtu wa karibu aliyeshika simu, ambaye naye ana fungu lake.

Lori la spika lina jina: sound horeg. Horeg ni Kijava, maana yake kutikisika, na ndicho kinachouzwa hapo, mtikisiko. Kijiji kinakuwa na sherehe, watu wanachangishana, wanakodi malori yenye spika kwa makumi ya mamilioni ya rupia, yanapita barabarani yakifuatwa na vikundi vya wachezaji. Mafundi wanashindana nani besi yake inaingia kifuani zaidi. Vioo vimepasuka, vigae vimeanguka, na iko mitaa iliyobomoa kingo za madaraja ili lori lipite. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kwenda Java kuielewa. Akumbuke kigodoro, akumbuke alivyolala macho mpaka saa kumi na moja, kisha akizidishie magurudumu.

Habari iliyotufikia ni kwamba "Indonesia imeharamisha spika". Sivyo. Julai 2025 Baraza la Maulamaa la Java Mashariki lilitoa fatwa kuwa spika zinazovuka mipaka, zinazodhuru afya na kuharibu mali, ni haramu. Harusi au mkutano wenye sauti ya kiasi haukuguswa. Agosti serikali ya jimbo na polisi wakatoa waraka wenye namba: desibeli 120 mwisho kwa muziki uliokaa mahali pamoja, 85 kwa msafara unaotembea, na kuzima kabisa mbele ya hospitali, na mbele ya shule au nyumba ya ibada wakati wa vipindi na sala. Utekelezaji, wanaopenda usingizi wa Dar watakisia.

Tamthilia sitazikalia sana. Zinaitwa sinetron, kifupi cha sinema elektronik, na nyingi hupigwa kwa mwendo wanaouita kejar tayang, kufukuzana na saa ya kurushwa hewani: kinachoigizwa asubuhi kinaweza kutakiwa hewani siku hiyohiyo au kesho. Hapo usitegemee kimondo kitengenezwe vizuri. Kile cha maiti kilikuwa cha mwaka 2018, msimamizi katili wa ujenzi aliyefukiwa na zege kisha kimondo kikamfuata. Aina hiyo ya vipindi inaitwa azab. Ukilisikia neno hilo ukahisi unalijua, unalijua: ni adhabu, Kiarabu kilekile. Sikiliza zaidi utasikia dunia, kabar, sabun, na kwa njia ya Wareno meja na bendera. Ninachokipenda zaidi ni gereja. Kwao Wareno waliwaachia neno la kanisa, likabaki kanisa. Kwetu neno hilohilo likawa gereza.

Waindonesia wanajua fika kwamba azab inachekesha. Walianza kuitania kabla yetu, wakatengeneza vichwa vya habari vya uongo vinavyoizidi. Kwa hiyo anayewacheka kwamba wanaamini vimondo vya kadibodi amechelewa.

Na biashara yenyewe ya video haikubaki kwenye burudani. Huko wauzaji wanaojirusha mubashara wanapiga kelele "keranjang kuning!", kikapu cha njano, kitufe cha kununulia chini ya kioo. Wafanyabiashara wa Tanah Abang, Kariakoo ya Jakarta kwa nguo, wakalalamika kwamba wateja wamehama, serikali ikapiga marufuku mauzo ya moja kwa moja ndani ya mitandao ya kijamii, na tarehe 4 Oktoba 2023 duka la TikTok likafungwa. Desemba 12 lilikuwa limerudi, baada ya TikTok kukubaliana kununua zaidi ya asilimia 75 ya Tokopedia, kampuni ya kienyeji ya mauzo mtandaoni. Mwaka uliofuata mtangazaji Raffi Ahmad, ambaye maisha ya familia yake ni kipindi cha YouTube, aliapishwa kuwa mjumbe maalumu wa rais. Kule mpaka kati ya jukwaa na ofisi ni mwembamba, na nasi tusijifanye hatujui wabunge waliotoka kwenye bongofleva.

Limebaki swali moja la kwenye kundi letu, lililoulizwa na dada aliyekuwa kimya muda wote: ule wimbo wa kwenye video ya mtoto, wanaimba nini? Hawaimbi kitu. Ni wimbo wa rapa wa Kimarekani, umebandikwa juu na watu wenye simu. Zima sauti utazame tena. Mtoni mbio zinaanza kwa mlio wa mzinga, kisha ni makafi na kelele za ukingoni. Tazama mikono yake dhidi ya makafi ya nyuma: anapoisukuma hewa, wanasukuma maji.